Mguu Uliolala Juu ya Klachi

Kila Jumamosi alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza hotuba yake, Mageni alikuwa amekwisha nawa uso, kujipaka mafuta na kusimama kando ya mlango wa kushoto wa pikapu la baba yake. Alisimama wima kama askari wa gwaride. Hakuna aliyemwagiza. Lakini kila mtu mkubwa ana kazi yake hapa duniani, na kazi ya Mageni, mwanafunzi wa darasa la saba, ilikuwa kushika kamba.

Tuieleze kamba hiyo, maana ina heshima yake. Pikapu la Baba Mageni lilikuwa jeupe hapo zamani. Vumbi la Kharumwa, mji wao mdogo, likalipa rangi nyingine, watoto wa mtaani wakaiita Chai ya Maziwa, na hilo ndilo likawa jina la gari. Kitasa cha mlango wa kushoto kilikuwa kimekufa na kuzikwa. Aliyeketi upande huo alipaswa kuuzuia mlango kwa kamba ya katani, la sivyo kwenye kona ungefunguka na kuwapungia watu mkono. Mageni aliishika kamba hiyo tangu darasa la tatu. Walipokuwa wakielekea mnadani na magunia ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, alijiona waziri anayekwenda kuzindua daraja.

Kutoka kwenye kiti hicho aliona mambo yote. Aliijua gia ya pili kwa mlio na ya tatu kwa mtetemo. Aliijua miguu ya baba yake kuliko alivyoijua ya kwake. Zaidi ya yote, ndani ya gari Baba alizungumza. Nyumbani alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana" na "chumvi iko wapi." Barabarani alisimulia habari za utoto wake, kama ile ya mbuzi aliyemfukuza mpaka kanisani, akamtania Mageni, akacheka mpaka kofia ikamshuka machoni. Kicheko hicho Mageni alikihesabu kuwa mali yake halali.

Kisha akaja Dada Aneth.

Aneth alikuwa binti wa baba mkubwa, kutoka Shinyanga mjini. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya mafunzo ya kuendesha malori ya mgodini huko Geita, yale ambayo tairi lake moja linamzidi mtu kimo. Sharti lilikuwa moja tu: awe na leseni ya udereva kabla mafunzo hayajaanza. Asipokuwa nayo, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Baba yake hakuwa na gari. Kwa hiyo akaletwa Kharumwa, na kibali chake cha kujifunzia kikiwa kimekunjwa vizuri ndani ya mkoba.

Kwa Wasukuma, Mageni ni jina la mtoto aliyezaliwa siku nyumba ina wageni. Mwenye jina hilo angetarajiwa kuwapenda wageni. Mageni aliwapenda, ilimradi wasikikaribie kiti chake.

"Shikamoo, Baba," alisema Jumamosi ya kwanza, mkono tayari kwenye kamba.

"Marahaba, mama. Leo utapanda nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya gari, kwenye magunia. Hapa atakaa dada yako atazame ninavyoendesha, na jioni akianza mazoezi nitakaa mimi kumwelekeza. Wewe nakupandisha cheo. Unakuwa utingo."

Utingo ni msaidizi wa dereva wa lori. Katika Chai ya Maziwa, kazi yake ilikuwa moja. Breki ya mkono ya gari hilo ilitegemewa kama ahadi ya mlevi, hivyo gari liliposimama mlimani, mtu aliruka chini na kuweka kigogo cha mti nyuma ya tairi. Mageni alipewa kigogo hicho. Akakikumbatia, akapanda juu ya magunia, akaketi kati ya mbuzi wawili waliomtazama bila huruma yoyote.

Mafunzo yenyewe yalifanyika kila jioni kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha vunwa na kukauka, mahali ambapo hakuna cha kugonga isipokuwa kichuguu. Baba aliacha magunia na mbuzi nyuma ili Aneth azoee uzito, akafundisha polepole.

"Kanyaga klachi mpaka chini. Ingiza gia ya kwanza. Usiigombeze, gia haigombwi. Haya, sasa iachie klachi kidogo kidogo mpaka usikie gari linatetemeka kama mtu anayetaka kusema jambo. Hapo ongeza mafuta. Likienda, toa mguu kabisa, uupumzishe sakafuni."

Aneth akakanyaga, akaingiza, akaachia. Gari likaruka kama chura, likazimika. Nyuma, mbuzi mmoja aliangukia magoti ya Mageni, na Mageni akacheka kwa sauti ambayo haikuwa ya furaha hata kidogo.

"Tena," alisema Baba.

Likaruka tena. Likazimika tena. Aneth akapata hofu, na katika hofu hiyo akakumbuka likizo za utotoni kijijini, alipokuwa akisimamisha ng'ombe wa jembe. Akapiga kelele, "Hoo! Hoo!" kwa usukani.

Baba alicheka. Alicheka mpaka kofia ikamshuka machoni.

Mageni aliacha kucheka papo hapo. Kitu kilimchoma kifuani, hapa juu kidogo ya tumbo, kama mtu aliyemeza kaa la moto akaona aibu kulitema. Kile kilikuwa kicheko chake! Nani amekitoa kabatini na kukigawa kwa watu wa Shinyanga?

"Sikiliza, Aneth," Baba alisema baada ya kupangusa machozi. "Kuzimika si kosa. Gari likizimika unaliwasha. Lakini kuna jambo moja silivumilii. Niliwahi kuajiri dereva aliyependa kulaza mguu juu ya klachi kama mtu aliyelaza kichwa juu ya mto. Akaiunguza. Kwa hiyo sheria ni moja. Siku klachi ikinuka, mafunzo yamekwisha, na kila mtu arudi kwao."

Kila mtu arudi kwao. Nyuma kwenye magunia, Mageni aliyasikia maneno hayo yakimwingia sikioni taratibu, matamu kama asali ya Tabora. Kuhusu klachi kuungua hakujua mengi. Alidhani ni harufu tu, kama ugali ulioshika chini ya sufuria: unakwangua, unaosha, maisha yanaendelea.

Tatizo ni kwamba Aneth hakuwa mtu wa kuchukia kirahisi. Alimsuka Mageni nywele. Alimgawia karanga, tena fungu kubwa. Alimwita "mdogo wangu" na kumsaidia hesabu za sehemu bila kumcheka. Mageni aliona hiyo ni hila ya hali ya juu. Usiku, wakati wa kula, Baba na Aneth waliongea habari za gia, na Mama Mageni akasema, "Tazama wanavyoelewana, kama mwalimu na mwanafunzi bora." Mageni aliutafuna ugali wake kama mtu anayetafuna adui.

"Mbona hunywi mchuzi?" Mama aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, wakati sahani imejaa?"

Alikuwa ameshiba wivu, lakini hicho si chakula ambacho mtu hukitaja mbele ya mama yake.

Siku moja walipokuwa wakichambua mchele, Aneth alisogea karibu. "Mdogo wangu, nisaidie. Wewe umekaa kile kiti miaka mingi. Baba mdogo hufanyaje gari lisizimike? Mimi nikitoa mguu tu, linakufa. Nikienda kwenye mtihani hivi, trafiki watanicheka, na nafasi yangu ya Geita ndiyo basi tena."

Mageni aliendelea kuchambua. Aliokota kijiwe, akakitazama kwa makini ya sonara. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo:

"Dada, kuna kitu Baba hasemi kwa wanafunzi. Anataka mtu akigundue mwenyewe."

"Kitu gani?"

"Akiwa njiani, hatoi mguu kabisa. Anaulaza juu ya klachi, kidogo tu. Ndiyo maana halimzimikii."

"Lakini si alisema yule dereva aliunguza?"

"Yule alikuwa anakandamiza. Baba analaza kistaarabu. Usimwambie nimekuambia. Ataona aibu."

Aneth alimshika bega. "Wabeja, mdogo wangu. Asante sana." Na jioni ile akavaa kitenge kirefu kilichofika visigino, akaingia kwenye usukani, akalaza mguu kistaarabu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa namna ambayo Mageni hakuitarajia. Ushauri ule ulifanya kazi! Kwa kuwa mguu wa Aneth ulikuwa karibu na klachi, aliiwahi kila gari lilipotaka kuzimika. Chai ya Maziwa likazunguka majaruba mara nne bila kuruka hata mara moja. Baba alikuwa akitazama mbele, mkono juu ya breki ya mkono. Kilichokuwa chini ya kitenge hakukiona.

"Safi!" alipiga paja. "Safi kabisa! Umeshalielewa gari!"

Mageni alikiuma kigogo chake. Alikuwa amemchimbia mwenzake shimo, mwenzake akaligeuza kisima.

Siku zikapita. Aneth alianza kuendesha barabarani, kwanza asubuhi mapema, kisha hata magari yakiwa mengi. Kutoka nyuma, Mageni ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia harufu. Ilikuja ndogo, kavu, ya ukali wa nywele zilizoshika moto, kisha ikapotea na upepo. Siku iliyofuata ikaja tena. Baba alikunja pua, akasema, "Kuna watu wanachoma takataka," akafunga dirisha.

Mageni angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Lakini alikaa kimya juu ya magunia, akavuta harufu ile puani kama mtu anayesikia pilau likiiva kwa jirani aliyemwalika. Subira, alijiambia. Subira.

Jumamosi ya mnada ikafika. Gari lilijaa magunia mpaka juu, na mtihani wa Aneth ulikuwa umebaki siku chache. Kabla ya kufika mnadani kuna kilima cha mawe, si kirefu, lakini kimesimama kama ukuta. Katikati ya mwinuko huo, kundi la ng'ombe liliamua kuvuka barabara, nao ng'ombe wa huko hawajawahi kuharakishwa na honi. Aneth akasimamisha gari na kulishikilia kwa breki ya mguu, na Mageni hakujisumbua kushuka na kigogo. Nyuma yao ukaja mkokoteni wa maksai wanne, na kando ya maksai wa mbele, kamba mkononi, alikuwa Jilala, mvulana wa darasa moja na Mageni, maarufu kwa mdomo.

"Utingo, hujambo!" Jilala alipaza sauti. "Nasikia siku hizi unasafiri na ndugu zako mbuzi!"

Mageni hakupata nafasi ya kumjibu. Ng'ombe wa mwisho alikuwa amevuka. Aneth akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, akaongeza mafuta. Injini ikanguruma. Gari halikusogea. Akaongeza tena, injini ikalia kama fisi aliyebanwa mlangoni, na harufu ikapanda, safari hii si ndogo. Moshi wa bluu ukatoka chini ya gari. Kisha taratibu, kwa adabu zote, Chai ya Maziwa likaanza kurudi nyuma.

"Breki!" Baba alipiga kelele. "Kanyaga breki! Kigogo, Mageni! Kigogo!"

Aneth aliikanyaga, lakini gari lenye mzigo lilikuwa likiteleza juu ya changarawe. Baba aliivuta breki ya mkono kwa nguvu zote, nayo ikatoa mlio tu. Nyuma, Jilala alikuwa ameganda, mdomo wazi bila neno, jambo ambalo halijapata kuonekana. Maksai walikuwa wamefungwa nira, hawakuweza kwenda kulia wala kushoto.

Mageni aliruka. Alianguka kwa magoti, changarawe ikamchuna, akaamka na kukisukuma kigogo chini ya tairi. Tairi likakipanda kidogo, kigogo kikalia, kikashika. Gari likasimama. Pua ya maksai wa mbele ilikuwa imegusa magunia.

Kisha Jilala akapata tena ulimi wake.

"Jamani! Chai ya Maziwa imechemka!"

Baba alishuka. Alichungulia chini ya gari, akanusa, akasimama wima. Hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi. "Aneth," alisema, "nilisema nini kuhusu klachi?"

"Nisamehe, baba mdogo."

"Nimeuliza nilisema nini."

"Ikinuka, kila mtu arudi kwao."

"Basi Jumatatu utapanda basi la Shinyanga. Nitazungumza na kaka. Mtu anayeunguza kigari hiki hawezi kupewa lori la mgodini."

Aneth aliinamisha kichwa. Machozi yalimshuka, na hakuyafuta. Magunia yakashushwa na kuachwa nyumbani kwa mjomba wa Jilala, kando ya barabara. Maksai wanne wakafunguliwa kwenye mkokoteni, wakafungwa kwa mnyororo mbele ya Chai ya Maziwa, maana fundi alikuwa Kharumwa na gari haliendi kwa maombi.

"Mimi nitashika usukani," Baba alisema. "Aneth, chukua kigogo utembee nyuma. Ng'ombe wakisimama, weka. Mageni, wewe umeumia magoti. Kaa mbele, ushike kamba."

Kaa mbele, ushike kamba!

Mageni akapanda. Kiti kilikuwa kilekile, chenye mpasuko uleule unaochoma paja. Kamba ilikuwa ileile. Baba yake alikuwa pale kulia, umbali wa mkono. Kila alichokuwa akikiomba kwa muda wote huo alikipata siku moja, bila kupungua hata kimoja, naye akavutwa ndani ya fahari yake kwa mwendo wa maksai.

Hakuna njia ya kupita Kharumwa kwa siri ukiwa umevutwa na ng'ombe. Wanawake walisimama na ndoo zao. Watoto walikimbia pembeni wakiimba. Jilala, akiwaongoza maksai wake kifua mbele, alimjibu kila aliyeuliza: "Gari la kisasa! Halinywi petroli, linakula majani!" Mageni alimtazama baba yake, akitumaini kofia itashuka machoni. Baba alitazama mbele. Hakusimulia habari ya utoto wake. Hakusema hata "chumvi iko wapi."

Basi Mageni akageukia kioo cha pembeni, na humo akamwona Aneth. Alikuwa amekunja kitenge chake mpaka magotini, kigogo begani, akitembea katikati ya vumbi la gari. Kandambili moja ilikuwa imekatika, ameishika mkononi. Mvulana mmoja alimpigia kelele, "Dereva! Umeishiwa gia?" na Aneth akajaribu kutabasamu. Mageni aliyafumba macho. Alipoyafumbua, kioo kilikuwa bado kina Aneth.

Fundi Edson alikuwa na banda la mabati karibu na soko. Alijilaza chini ya gari, akagonga, akafungua, akaguna, na jua lilipoanza kuinama akatoka na klachi yenyewe, sahani ya chuma nyeusi, nyembamba mahali ilipopaswa kuwa nene. Akaiweka juu ya gunia.

"Nuseni wenyewe," alisema. "Lakini hii, Baba Mageni, haikuungua leo. Leo imekata roho tu. Imekuwa ikiliwa siku nyingi. Kuna mguu ulikuwa umelala hapa."

Baba aligeuka polepole. "Aneth. Nilikufundisha kulaza mguu?"

"Hapana, baba mdogo."

"Nani alikufundisha?"

Aneth alimtazama Mageni. Alimtazama kwa muda wa mtu kumeza mate, na katika muda huo Mageni akajua kwamba dada yake ameshaelewa kila kitu; huenda alielewa tangu kule kilimani, akitembea na kigogo.

"Ni mguu wangu," Aneth alisema. "Hakuna mwingine aliyekanyaga."

Jambo lingeweza kuishia hapo. Kiti kilikuwa kimerudi, Aneth alikuwa anaondoka, na shahidi pekee alikuwa ameufunga mdomo wake kwa hiari. Mageni alihitaji tu kunyamaza, kazi ambayo alikuwa ameifanya vizuri kwa siku nyingi. Alijaribu. Alitazama ile sahani nyeusi, akatazama vumbi kwenye miguu ya Aneth. Lile kaa la moto alilolimeza likapanda mpaka kooni.

"Mguu ni wake, Baba," alisema. "Lakini ulimi ni wangu."

"Unasema nini?"

"Mimi nilimwambia aulaze. Nilimwambia wewe ndivyo unavyofanya. Nilijua si kweli. Na harufu niliisikia zamani, nikanyamaza. Nilitaka inuke ili arudi kwao." Akaigusa ile sahani nyeusi kwa kidole. "Sikujua kwamba inaliwa. Nilidhani ni harufu tu. Nilitaka kiti changu."

Fundi Edson akaona spana yake inahitaji kufutwa, akaifuta kwa bidii kubwa. Baba aliketi juu ya tairi kuukuu. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

"Ungewaua watu kilimani," alisema hatimaye. "Jilala. Maksai wa watu. Wewe mwenyewe."

"Ndiyo, Baba."

"Mwombe dada yako msamaha. Si mimi, yeye kwanza."

Mageni alimsogelea Aneth. "Nisamehe, dada." Aneth hakumkumbatia. Alimwambia kwa sauti ndogo, "Nilikuamini, Mageni. Niliona una bahati kuliko mimi kukaa pale, nikajua wewe ndiye unayejua." Kisha akampa ile kandambili iliyokatika. "Nitengenezee hii. Tutaanzia hapo."

Klachi nyingine ilipatikana kwenye pikapu bovu lililokuwa nyuma ya banda, halina injini wala matumaini. Fundi Edson alikuwa anajenga nyumba, hivyo wakakubaliana kwamba Chai ya Maziwa litakapopona, litamsombea mchanga mpaka aseme basi. Mchanga haujipakii wenyewe. Koleo likapewa Mageni. Na Aneth hakupanda basi la Jumatatu. Baba alimwambia afungue mkoba wake na alale mapema, kesho kuna mafunzo.

Ilikuwa siku ya pili ya mchanga, viganja vya Mageni vimeshaota malengelenge, Baba alipochukua koleo la pili na kuja kusimama kando yake.

"Sikiliza, mama. Ukilaza mguu juu ya klachi, gari halisimami. Wala halipigi kelele. Linakwenda vizuri tu, watu wanakusifu, na huku chini kitu kinaliwa kidogo kidogo. Wivu uko hivyohivyo. Ulidhani unamsimamisha Aneth. Aneth alikuwa anakwenda tu. Kilichokuwa kinaungua ni gari linalokulisha, na kidogo kiungue kifua chako pia. Mtu ana njia mbili tu na kinachomuuma: akikanyage mpaka chini akimalize, au atoe mguu. Kukilalia ndiko kunakounguza."

Akatupa koleo moja la mchanga, kisha akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Na mimi nina kosa langu. Niliketi palepale, nikatazama barabara tu. Sikuona mguu wa Aneth, wala sikumwona mtoto wangu kule nyuma na mbuzi. Siku nyingine ukiona nimesahau, nigongee paa. Maneno yangu hayakai kwenye kiti, Mageni. Yanakaa kwangu. Ungeniuliza, ningekupa."

Mageni alipangusa jasho, na labda si jasho tu. "Basi nikuulize sasa, Baba. Yule mbuzi uliyemfukuza mpaka kanisani ulipokuwa mdogo, ilikuwaje?"

Baba alitazama juu, akajaribu kujizuia, akashindwa. Kofia ikamshuka machoni.

Aneth alifanya mtihani wake Geita siku chache baadaye. Askari wa usalama barabarani alimpeleka kwenye mlima kwa gari lingine, lenye breki ya mkono inayoshika, akamwambia asimame katikati na aondoke tena. Aneth alivuta breki ya mkono, akasikiliza mpaka gari likataka kusema jambo, akaondoka bila kurudi nyuma hata unene wa kidole. Aliporudi Kharumwa, Mama Mageni alipiga vigelegele mpaka jogoo wa jirani akajibu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla ya mafunzo yake. Alfajiri, Mageni alisimama kando ya gari na kigogo chake, tayari kupanda juu ya magunia bila kununa. Baba akakichukua mkononi mwake.

"Dereva ana leseni, hahitaji mwalimu," alisema. "Leo utingo ni mimi." Akapanda nyuma, akaketi kati ya mbuzi, akanyoosha miguu kama chifu.

Mageni akaingia mbele, akashika kamba kwa mikono miwili. Aneth akawasha gari. Chai ya Maziwa likatetemeka, likasema jambo lake, likaondoka laini kama maziwa yenyewe.

"Utazame," Aneth alisema, macho barabarani. "Mguu wangu wa kushoto uko wapi?"

Mageni aliinama akachungulia. "Uko sakafuni, dada. Umepumzika."

"Na ulimi wako?"

Mageni alifikiri kidogo, maana swali la namna hiyo linataka ukweli. "Nao umepumzika," alisema. "Haugusi klachi."

Aneth alicheka. Nyuma, juu ya magunia, Baba akagonga paa mara mbili, akitaka kujua ni kichekesho gani hicho wanachokila peke yao.